Koo la Mlangopanga

Rangi ilitoka mapema kuliko Mwatima Pandu alivyotaka itoke.

Alikuwa ameketi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, ndani ya panga, lile pango ambamo kijiji kizima cha Mlangopanga huteka maji yake ya kunywa. Miguu yake ilikuwa majini hadi vifundoni. Nyuma yake wanawake walipanda na kushuka na ndoo kama asubuhi nyingine yoyote, wakimwamkia na kumpisha. Yeye aliutazama ufa ulio upande wa pili, mahali mwamba unapojikunja na maji yanapoingilia, akiomba kimoyomoyo asione kitu. Kisha ukaja ukijani mwepesi, kama wa maji yaliyooshewa mchicha, ukajitandaza polepole mpaka ukafika miguuni mwake.

"Ussi," aliita. "Njoo uone."

Ussi Makame alishuka akijishikiza ukutani. Alikuwa mzamiaji wa Mamlaka ya Maji tangu ujanani, mtu mfupi wa mabega mapana, na siku hizi magoti yalimsumbua. Alichuchumaa kwa shida, akachota maji kwa kiganja, akayatazama.

"Jana adhuhuri ndipo tulipoimwaga."

"Jana adhuhuri."

"Basi mshipa uko wazi."

"Wazi kama barabara," alisema Mwatima.

Rangi hiyo waliimwaga katika shimo moja pembezoni mwa Mji Mpya, kule juu kwenye mgongo wa kisiwa, mahali walipojengewa watu waliohama pwani bahari ilipopanda. Kutoka huko hadi Mlangopanga ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Maji yanayojipenyeza ndani ya jiwe lenyewe, kitundu kwa kitundu, huenda yangechukua umri wa mtu kufika. Haya yalitembea usiku mmoja. Kisiwa kizima ni matumbawe ya kale, chokaa tupu, na maji ya mvua yana ukali wake mdogo: hupita kwenye udongo, huchukua pumzi ya mizizi na majani yaliyooza, yakawa machachu kidogo, yakaanza kulila jiwe. Ufa mwembamba kama unywele ukipewa miaka ya kutosha huwa mtaro wa kupita mtu. Mitaro hiyo ndiyo Mwatima na wenzake waliyoiita mishipa.

Mwanamke mmoja alisimama kando yake na ndoo tupu. Alikuwa Bi Subira Mcha, sheha wa kijiji, mtu mzima aliyezoea kuuliza swali na kulingojea jibu lake.

"Maji yamefanya nini, Bi Mwatima?"

"Ni rangi tu, Sheha. Haidhuru. Mpaka adhuhuri itakuwa imekwisha."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Njia ya maji."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Na njia ikishaonekana, hufanywa nini?"

Mwatima alitoa miguu majini, akaanza kuvaa viatu. "Bado haijaamuliwa," alisema.

Alijua haikuwa kweli. Kila mshipa alioupata yeye kwa miaka kumi na moja ulizibwa.

*

Waliotumika kuzibia waliitwa waashi. Walikuwa vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vilivyotengenezwa maabara ng'ambo na kupewa kazi moja: kukaa mahali maji yanapokimbia, kuinyonya chokaa iliyoyeyuka ndani yake na kuirudisha kuwa jiwe. Kadiri maji yalivyokimbia ndivyo walivyokula, na kadiri walivyokula ndivyo walivyojenga. Mtaro ukishazibika na maji yakasimama, nao walikufa kwa njaa. Ulikuwa ufundi mzuri. Kasoro yake watu hawakupenda kuisikia: mwashi hajui kubomoa. Kilichozibwa kimezibwa.

Sheria ilisema waashi wamwagwe na mlezi wao tu, na mlezi wao katika kisiwa alikuwa Mwatima. Yeye ndiye aliyewalisha, akawaweka katika ubaridi, akawakinga na chumvi, maana chumvi huwaua.

Mkurugenzi wa Mamlaka, Faki Ngwali, aliisoma taarifa ya Mwatima akiwa amesimama dirishani. Walisoma pamoja zamani, na walipokuwa peke yao hawakupeana vyeo.

"Kwa hiyo ni hilo," alisema. "Tundu la mwisho."

"Koo moja, chini kidogo ya shimo. Mtaro unabana pale, upana wa mlango. Ukizibwa pale, hakuna tena njia ya kufika pwani."

"Na maji yetu yatapanda."

"Yatapanda."

Faki alikaa. Alikuwa amekonda mwaka huo. "Mwatima, jana nilikwenda hospitali. Wodi ya wazazi wamelala wawili wawili. Presha, miguu kuvimba, kifafa cha mimba. Daktari ameniambia neno moja tu: chumvi. Wanakunywa chumvi asubuhi, mchana na jioni. Juzi tumemzika mmoja, mtoto wa Mwalimu Haroub. Unamkumbuka?"

Mwatima alimkumbuka. Alikuwa msichana mcheshi aliyekuwa akiuza vitabu sokoni.

Hakuna aliyehitaji kumweleza chumvi ilikotoka. Maji matamu ya kisiwa hayana sakafu. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya jiwe, kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vya Mji Mpya vikivuta sana, uso wa maji matamu hushuka, na kwa kila mkono mmoja unaoshuka juu, chumvi hupanda mikono arobaini kutoka chini. Mji ulikuwa ukivuta usiku na mchana. Sasa pampu zilikuwa zimeifikia bahari.

"Tupunguze kuvuta," alisema Mwatima.

"Nimewaandikia wakubwa mara ngapi? Wananiambia mji una viwanda viwili vya barafu, una hoteli, una watu wamezoea kuoga. Wananiuliza, hakuna njia nyingine? Na maadamu njia nyingine ipo, hawatasikia hii."

"Tukiziba, panga la Mlangopanga litaingia bahari. Kila maji yakijaa."

"Tutawapelekea maji kwa gari."

"Watu wa Kwa Mabata, tulipouziba mshipa wao, tuliwapelekea kwa gari. Gari lilikwenda mwezi mmoja, likaharibika, likasahauliwa. Leo pale hakuna nyumba hata moja yenye watu."

Faki alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Wao ni mia nne. Hapa tuko tisini elfu. Sikwambii kwamba ni haki. Nakwambia nimechoka kuzika." Akangoja kidogo. "Na si lazima wajue. Waambie bahari imepanda. Inapanda kila mahali, hawatashangaa."

"Unataka niwadanganye."

"Nataka wasikulaani," alisema Faki, na Mwatima akajua anasema kweli.

*

Siku hiyo Ussi alimwalika chakula cha mchana. Hakuwa na kawaida ya kualika. Nyumba yake ilikuwa katika safu za nyumba za serikali, zote za rangi moja, na ndani alikuwamo binti yake Riziki, mwalimu wa skuli ya msingi, mimba yake ya kwanza miezi sita. Mumewe alikuwa bara kikazi. Riziki alikaa na miguu yake juu ya kigoda. Vifundo vyake havikuonekana. Mguu ulishuka sawasawa kama gogo la mgomba.

Walikula muhogo wa nazi na dagaa. Chai ilikuja na sukari nyingi, na chini ya sukari chumvi ile ile ambayo mji mzima ulishaizoea.

"Mama yake alikuwa hivihivi," alisema Ussi akiangalia kikombe chake. "Siku za mwisho. Macho yakamuingia giza, akasema Ussi, washa taa, na ilikuwa saa nne asubuhi."

"Baba," alisema Riziki.

"Nasema tu."

"Husemi tu. Umemwita Bi Mwatima anitazame miguu." Akamgeukia mgeni wake bila hasira. "Baba anataka ule mshipa uzibwe. Mimi sijui mambo ya mawe. Lakini wanafunzi wangu wawili wamezaliwa Kwa Mabata. Wakichora kwao, wanachora kisima. Sasa ukiziba, ziba kwa sababu zako mwenyewe. Mimi nisiwe sababu."

"Mwanangu, wewe hujui unalolisema," alisema Ussi polepole.

"Huenda sijui."

Mwatima alivuta kikombe chake. Aliinywa chai yote kwa sababu ilikuwa ya kukaribishwa. Ussi alipomsindikiza hadi nje, walisimama kando ya gari la kazi, na yule mzee hakumtazama machoni.

"Kesho nitamwaga na wewe ukisema tumwage," alisema. "Ukisema tusimwage, sijui."

"Kesho naenda Mlangopanga kwanza."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia."

Ussi alitikisa kichwa kama mtu aliyeona mwenzake anabeba mzigo ambao hakutumwa. "Ukishawaambia," alisema, "hutaweza tena kulala na lolote utakalofanya."

"Silali hata sasa."

*

Kesho yake watu wa Mlangopanga walikutana baada ya alasiri, katika uwanja wa skuli yao, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, watoto wakifukuzwa na kurudi. Mwatima alisimama mbele yao na kuwaeleza kila kitu. Aliwaambia maji ya panga yanatoka wapi, ni mvua ya mgongoni mwa kisiwa inayoteremka ndani ya jiwe, na kwamba katikati ya safari kuna koo. Aliwaambia kuhusu wodi ya wazazi. Aliwaambia waashi wakiwekwa pale, mshipa utakuwa umeziba kabla ya masika, na panga lao litakuwa la bahari, na hakuna mtu yeyote duniani atakayeweza kuurudisha. Hakupamba neno. Alisikia sauti yake imekuwa kavu, kama anasoma taarifa ya mtu mwingine.

Alipomaliza hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja, Kombo Vuai, aliuliza kama watu wa Kwa Mabata nao waliitiwa mkutano kama huu.

"Hapana," alisema Mwatima. "Wao hawakuambiwa."

"Waliambiwa bahari imepanda."

"Ndiyo."

"Nani aliwaambia?"

"Taarifa ilitoka ofisini kwetu. Mimi niliwamwaga waashi."

Mnong'ono ulipita, ukatulia. Bi Subira Mcha alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Ndipo aliposimama.

"Bi Mwatima, nikuulize jambo moja, halafu watu waseme yao. Hili ulilokuja nalo, unatuuliza au unatuarifu? Maana ukituarifu, sawa, tumearifika, twende tukafunge virago. Lakini ukituuliza, basi jibu letu liwe jibu. Usituulize kwa adabu tu."

Mwatima alikuwa ameliogopa swali hilo njia nzima bila kulijua lina sura gani. Angeweza kusema anawaarifu. Lingekuwa neno la kikatili lakini la kweli, na angerudi mjini akafanye kazi yake mchana kweupe bila uongo. Watu tisini elfu si mchezo. Aliwaona moyoni wale wa wodini, wawili wawili kitandani. Aliiona miguu ya Riziki juu ya kigoda. Kisha akawatazama hawa waliokuwa wamekaa chini wakimngojea, na akaona kwamba toka aanze kazi hajawahi kumuuliza mtu yeyote kitu ambacho jibu lake lingeweza kuwa la.

"Nakuulizeni," alisema.

Walizungumza mpaka jua likalala. Si wote waliosema kitu kimoja. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema dada yake yuko Mji Mpya na ana mimba, naye asingeweza kukaa juu ya maji na dada yake anakunywa sumu. Kijana mmoja alisema mji upunguze kuoga. Kombo Vuai alisema yeye ameshahama mara mbili katika maisha yake, mara ya kwanza kwa bahari na mara ya pili kwa serikali, na hana miguu ya mara ya tatu. Mwishowe Bi Subira alimwita Mwatima karibu.

"Jibu letu ni hapana," alisema. "Koo lisizibwe. Lakini mja mzito hanyimwi maji. Mwambie mkurugenzi wako alete gari hapa kila asubuhi, tutalijaza. Panga halikauki kwa gari moja, wala kwa matatu. Aje aombe tu. Kuombwa na kunyang'anywa si kitu kimoja."

*

Faki aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Mwatima alilitarajia: kwamba gari moja halitabadilisha maji ya bomba, kwamba wakubwa hawatakwenda kuomba maji kwa sheha wa kijiji, na kwamba Jumatatu mtu mwingine wa maabara ataandikiwa ruhusa ya mlezi, kwa muda. "Wewe pumzika," alimwambia. "Umechoka. Hili lipite bila mkono wako." Alilisema kama zawadi.

Jumamosi asubuhi maabara ilikuwa tupu. Ussi alimkuta Mwatima katika chumba cha baridi, amesimama mbele ya matungi mawili ya chuma ambamo waashi wote wa kisiwa walilala. Yalikuwa ndiyo yaliyobaki. Kampuni iliyowatengeneza ilishafilisika na mbegu yake kupotea, na kuwakuza kutoka katika kijiko kimoja kilichosazwa kulichukua mwaka mzima.

Ussi aliuona mpira mrefu wa maji ukitambaa sakafuni kutoka kwenye bomba la ukutani. Lilikuwa bomba la kawaida la Mji Mpya. Waashi hawakupata kuonjeshwa maji yake hata mara moja. Kwa miaka yote walinyweshwa maji ya mvua.

"Una hakika?" aliuliza.

"Sina."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu Jumatatu watamwaga. Na maadamu hawa wapo, hakuna atakayefunga pampu hata moja. Wewe unajua hivyo."

"Ukiwaua hawa, wakafunga pampu leo hii, chumvi itashuka lini?"

Aliuliza kama mzamiaji, na Mwatima alimjibu kama mtaalamu. "Chumvi hupanda kwa siku, hushuka kwa miaka. Tukiziba koo, ingeshuka haraka zaidi. Kwa masika mawili huenda. Bila kuziba, manne, matano. Sijui."

Ussi alikaa juu ya sanduku. Mikono ilimning'inia katikati ya magoti. Mwatima alijua anahesabu miezi mitatu iliyombakia Riziki, si miaka mitano.

"Nimemwambia Riziki ahamie Mlangopanga mpaka ajifungue," alisema hatimaye. "Sheha yupo tayari kumpokea. Amekataa. Anasema mitihani ya watoto imekaribia." Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Siwezi kukusaidia, Bi Mwatima. Wala siwezi kukuzuia. Nitakuwa nje."

Mwatima alifungua kifuniko cha tungi la kwanza. Ndani mlikuwa na maji mazito meupe kama ya kuoshea mchele. Akatia mpira, akafungua bomba. Haikuchukua muda. Weupe ulianza kukatika, ukawa chembechembe, chembechembe zikazama, na juu yakabaki maji maangavu yasiyo na kitu. Alihamisha mpira kwenye tungi la pili. Alipotoka, Ussi alikuwa amelala kwenye kiti cha gari, kofia usoni, au alijifanya amelala.

*

Alisimamishwa kazi siku ileile ilipojulikana, na shauri lake likapelekwa mahakamani, ambako liliahirishwa, likaahirishwa tena. Mwatima alikaa nyumbani. Wakubwa walipoambiwa kwamba njia nyingine haipo tena, walikasirika wiki nzima, kisha wakafunga nusu ya pampu. Viwanda vya barafu vilisimama. Mji ukawa unapata maji siku moja na kukosa siku moja, na yale yaliyopatikana bado yalikuwa ya chumvi. Faki Ngwali mwenyewe alikwenda Mlangopanga na kukaa chini katika uwanja wa skuli, akaomba. Gari la kwanza lilijazwa asubuhi iliyofuata, na baadaye likaongezwa la pili.

Sokoni watu walijua sura ya Mwatima. Wengine walimpisha kwa namna inayouma kuliko tusi. Muuza mchicha mmoja alimkatalia pesa yake, akamwambia achukue tu na aende.

Riziki alishikwa na kifafa mwezi wa nane wa mimba yake, darasani, mbele ya watoto. Alikuwa akinywa maji ya gari kwa wiki saba. Walimwahi hospitali na akapona. Mtoto hakupona. Daktari alisema huenda ni chumvi ya miezi ya mwanzo, huenda ni damu ambayo Riziki aliirithi kwa mama yake, na kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuvitenganisha viwili hivyo. Mwatima alikwenda msibani, akakaa na wanawake ukumbini, na Riziki alimshika mkono. Ussi hakutoka nje kumsalimu.

Alikuja mwenyewe baada ya siku nyingi, jioni. Alikataa kiti, kisha akakikubali. Alikuwa ameacha kuzamia. Magoti yalikuwa yamekataa kabisa, na Mamlaka ilimpa kazi ya kuendesha gari la maji.

"Nimekuja kukuuliza kitu," alisema. "Ungelijua itakuwa hivi kwa Riziki, ungefungua lile bomba?"

Mwatima alikuwa amejiuliza hivyo kila asubuhi. Alikuwa ameandaa majibu, na yote yalikuwa mazuri, na hakuna lililofaa kutolewa mbele ya mtu huyu.

"Sijui, Ussi. Naogopa ningefungua. Na naogopa nisingefungua. Siku nyingine naogopa hili, siku nyingine lile."

Yule mzee aliinamisha kichwa. Alionekana kama mtu aliyengojea kupigwa na hakupigwa, na sasa hajui afanye nini na mwili wake.

"Ungeniambia una hakika, nisingerudi tena hapa," alisema. Jirani alikuwa akitwanga kitu. "Peke yangu siwezi lile gari. Kushika mpira na kuandika majina na kuwapanga. Wanasukumana. Na kila anayekuja na tumbo lake..." Hakumalizia. "Uje kesho unisaidie. Hawatakulipa."

"Nitakuja."

Asubuhi waliteremka Mlangopanga, wakajaza tangi, wakapanda nalo tena kwa gia ya chini kwenye ile barabara ya mawe. Kituo cha kwanza kilikuwa nyuma ya hospitali. Wanawake walishajipanga na ndoo na madumu. Mwatima alishika mpira. Wa kwanza walichukua na kuondoka. Wa tano au wa sita alikuwa mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mbili, mimba yake bado ndogo. Aliweka ndoo chini, kisha akamtazama usoni na asiondoe macho.

"Wewe ndiye uliyewaua waashi."

"Ndimi."

"Mdogo wangu amekufa wodi hiyo hapo. Baada ya wewe kuwaua. Huyo maji ya gari hayakumuwahi."

Mwatima alifunga maji ya mpira. Alitaka kusema kitu kuhusu Kwa Mabata, kuhusu swali aliloulizwa na jinsi alivyolijibu, na akaona kwamba yote hayo ni ya kwake yeye na si ya mwanamke huyu.

"Pole," alisema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Mwanamke alimgeukia Ussi, aliyekuwa ameegemea mlango wa gari.

"Na haya ni ya nani? Mmewanyang'anya wapi?"

"Ya watu wa Mlangopanga," alisema Ussi. "Hatukunyang'anya. Tumepewa."

Mwanamke aliitazama ndoo yake. Kisha akaisogeza kwa mguu mpaka chini ya mpira.

"Mwanakheri," alisema. "Alikuwa anaitwa Mwanakheri. Haya, tia."

Mwatima akafungua maji.